Mafuta ya Karafuu: Manufaa Yake Nyumbani na Hadhari Zake

Msimu wa mavuno unapowadia kisiwani Pemba, majamvi na mikeka hutandazwa penye jua, na harufu ya karafuu hutanda vijijini hata ikamfikia msafiri aliye barabarani. Msafiri huyo husema kwamba amesikia harufu ya karafuu, wala hatambui kuwa sehemu ndogo mno ya karafuu zenyewe imemwingia puani. Chembe za mafuta zimetoka ndani ya karafuu, zimechukuliwa na hewa, na zimegusa mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya pua yake. Kila harufu inayosikika ni ushahidi kwamba kitu fulani kimeondoka mahali kilipokuwa.

Mafuta ya namna hii, yanayoruka hewani kwa wepesi na kubeba harufu ya mmea, huitwa mafuta ya kunukia. Hayo ni tofauti kabisa na mafuta ya nazi, ya ufuta au ya karanga, ambayo hayaruki hewani na hubaki kuwa doa kwenye karatasi au nguo. Siku hizi chupa ndogo za mafuta ya karafuu, mkaratusi, mchaichai na mdalasini huuzwa madukani kwa wenyeji na wageni. Watu hununua kwa matumizi ya nyumbani, na wengi zaidi hununua kwa ajili ya zawadi. Pamoja na chupa hizo huenda maneno mengi: kwamba mafuta haya huondoa maumivu ya jino, huleta usingizi, huponya homa, na kwamba hayana madhara kwa kuwa yametokana na mmea. Baadhi ya maneno hayo ni kweli, mengine ni nusu ya ukweli, na mengine ni ya hatari. Makala haya yanakusudia kuyapambanua kwa kuchukua mfano wa mafuta ya karafuu, ambayo yamechunguzwa sana na wanasayansi na ambayo historia yake ni sehemu ya historia ya pwani ya Afrika Mashariki.

Safari ya mkarafuu

Mkarafuu, ambao jina lake la kisayansi ni Syzygium aromaticum, asili yake ni visiwa vya Maluku katika nchi iitwayo sasa Indonesia. Kwa karne nyingi biashara ya karafuu ilishikwa na wachache, na Waholanzi walijitahidi sana kuzuia miche isitoke katika visiwa hivyo. Katika karne ya 18 Wafaransa walifaulu kuipata miche na kuipanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Kutoka huko mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan akahimiza upandwe kwa wingi. Mashamba hayo yalistawishwa kwa jasho la watumwa, hadi hali ya utumwa ilipofutwa kisheria katika visiwa hivyo mwaka 1897.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikudhurika kwa kiasi hicho, na tangu hapo kisiwa hicho kimekuwa ndicho shina la zao la karafuu. Karafuu yenyewe ni tumba la ua ambalo halijachanua. Huchumwa likiwa na rangi ya kijani inayoelekea wekundu, huchambuliwa kutoka kwenye kikonyo chake, kisha huanikwa kwa siku kadhaa hadi ligeuke rangi ya hudhurungi. Katika kukauka hupoteza takriban theluthi mbili za uzito wake, na karibu uzito wote unaopotea ni maji.

Vikonyo vinavyobaki, yaani makonyo, havitupwi. Karafuu kavu huwa na mafuta ya kunukia kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo huwa na asilimia 5 hadi 6. Na majani huwa na asilimia 2 hadi 3. Ni nadra kwa mmea kuwa na mafuta mengi kiasi hicho. Kwa kuwa karafuu nzima zina bei nzuri, viwanda huona heri kutumia makonyo na majani. Ndiyo kazi inayofanywa na kiwanda cha makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichopo karibu na Chake Chake.

Mafuta hayo yamefanyizwa na nini?

Mafuta ya karafuu ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi, lakini moja ndiyo inayotawala. Hiyo huitwa yujenoli, na kwa kawaida huwa ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta yote. Molekuli yake ina atomi 10 za kaboni, 12 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Fomula yake ni C10H12O2, na uzito wake wa molekuli ni 164. Yujenoli ni jamii ya fenoli, na ujamaa huo ndio unaoipa nguvu ya kuua vijidudu na, kwa upande mwingine, ukali wa kuunguza ngozi na ufizi.

Yujenoli hutumiwa pia na viwanda kama malighafi. Kwa miaka mingi vanilini, ambayo ndiyo asili ya ladha ya vanila, ilitengenezwa kutokana na yujenoli ya karafuu. Kuanzia miaka ya 1930 wakemia walipata njia rahisi zaidi ya kuitengeneza kutokana na lignini, ambayo ni masalio ya viwanda vya karatasi, na soko hilo la karafuu likafifia. Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa kemia na wa uchumi pia: ugunduzi unaofanywa ndani ya maabara ya mbali waweza kubadili maisha ya mkulima ambaye hata habari zake hakuzipata.

Jinsi mafuta yanavyotolewa

Mafuta ya karafuu peke yake huchemka kwenye joto la sentigredi 254 hivi. Kama yangepashwa moto kiasi hicho yakiwa ndani ya makonyo, makonyo yangeungua na mafuta yangeharibika. Basi yawezekanaje kuyatoa kwa mvuke wa maji, ambao joto lake ni sentigredi 100 tu?

Jibu lapatikana katika kanuni ya kanieneo. Kimiminika huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na kanieneo ya hewa iliyo juu yake, ambayo kandokando ya bahari ni sawa na milimita 760 za zebaki. Vimiminika viwili visivyochanganyika, kama maji na mafuta, vinapochemshwa pamoja, kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo, na kanieneo za mivuke hiyo miwili hujumlishwa. Karibu na sentigredi 100 yujenoli hutoa kanieneo ya milimita 3 hivi tu, na maji hutimiza zile 757 zilizobaki. Mchanganyiko huchemka kabla ya kufika sentigredi 100 kamili, na mvuke hutoka ukiwa umebeba maji na mafuta pamoja.

Ijapokuwa milimita 3 ni kiasi kidogo, molekuli ya yujenoli ina uzito mara tisa ya molekuli ya maji. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: 3 mara 164 ni 492, 757 mara 18 ni 13,626. Kwa hiyo kila gramu 100 za maji yanayogeuka mvuke zinaweza, kwa nadharia, kubeba kiasi cha gramu 3 au 4 za mafuta. Mvuke huo ukipitishwa katika bomba linalopozwa kwa maji baridi, hurudi kuwa kimiminika, na mafuta hujitenga yenyewe. Kazi hii ya kugeuza kimiminika kuwa mvuke na kuupoza tena huitwa kukeneka.

Hesabu hiyo inaonyesha pia gharama ya kazi. Ili kupata kilo moja ya mafuta yapasa kuchemsha maji mengi mara kadhaa zaidi ya uzito huo, na maji hayachemki bila nishati. Pale ambapo nishati hiyo ni kuni, kila chupa imebeba pia gharama ya miti iliyokatwa. Vivyo hivyo, mkarafuu unaopokonywa majani mabichi mara kwa mara hukosa nguvu ya kuzaa vizuri, kwa sababu jani ndilo jiko la mmea. Majani yaliyodondoka na makonyo ya mavuno ni malighafi yenye busara zaidi.

Si kila harufu inayovumilia moto. Asumini, ambayo wanawake wa mwambao huifuma pamoja na rehani na maua mengine kuwa kikuba, haifai kukenekwa kwa mvuke, maana joto huiharibu harufu yake laini. Watengenezaji wa manukato huitoa harufu hiyo kwa viyeyushi, na zamani waliyalaza maua juu ya mafuta mgando yasiyo na harufu hadi mafuta hayo yakaipokea. Ua la asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Ndiyo maana kikuba kilichofungwa jioni hunukia usiku kucha. Kwa upande mwingine, maua ya mlangilangi ya visiwa vya Komoro huvumilia mvuke, na mafuta yake yamekuwa moja ya mazao makuu ya biashara ya nchi hiyo.

Manufaa yaliyothibitika

Manufaa yanayojulikana zaidi ni ya kutuliza maumivu ya jino. Yujenoli hufisha ganzi mishipa ya fahamu kwa muda, na madaktari wa meno wameitumia tangu karne ya 19 kwa kuichanganya na oksidi ya zinki ili kupata udongo wa kuziba jino kwa muda. Mwaka 2006 watafiti wa Kuwait walitangaza matokeo ya jaribio ambalo watu walipakwa kinywani ama dawa ya karafuu, ama dawa ya ganzi iitwayo benzokaini, ama kitu kisicho na dawa, kisha wakachomwa sindano. Dawa ya karafuu ilipunguza maumivu karibu sawasawa na benzokaini. Hapa wanasayansi wamekubaliana na bibi aliyemwekea mjukuu wake karafuu kwenye jino.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba kutuliza siyo kuponya. Jino lililotoboka litaendelea kuoza ingawa halisikiki kuuma, na mgonjwa anayeyategemea mafuta kwa miezi mingi hatimaye humfikia daktari akiwa amechelewa. Mafuta yanayopakwa mara kwa mara bila kuchanganywa huunguza ufizi.

Manufaa mengine ni ya harufu yenyewe. Njia ya fahamu inayotoka puani hufika upesi katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo sababu harufu moja yaweza kumkumbusha mtu nyumba ya utotoni, na ndiyo sababu nyumba iliyofukizwa humpa mgeni utulivu. Hilo ni jambo jema na la kweli, wala halihitaji kuongezwa chumvi.

Ni kweli pia kwamba katika vyombo vya maabara mafuta ya karafuu huua aina nyingi za bakteria na kuvu. Lakini kutoka chombo cha maabara hadi mwili wa binadamu ni mwendo mrefu. Vitu vingi huua vijidudu katika kioo, moto na sabuni vikiwemo, wala mtu hawezi kuvinywa ili apone. Hakuna ushahidi kwamba mafuta ya kunukia huponya malaria, homa ya matumbo au kifua kikuu. Anayeacha dawa ya hospitali kwa sababu ya chupa ya mafuta anahatarisha maisha yake.

Uzito wa tone moja

Hatari kubwa ya mafuta ya karafuu haitokani na harufu yake, bali na nguvu yake iliyokusanywa. Karafuu chache katika pilau au chai hazimdhuru mtu, kwa sababu mafuta yaliyomo ni kidogo. Chupa ya mililita 10, ambayo ni ndogo kuliko kidole gumba, ina mafuta yanayoweza kutoka katika gramu 50 hadi 70 za karafuu kavu.

Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wenzao wa Shirika la Chakula na Kilimo wamekadiria kwamba mtu anaweza kula kila siku, bila kudhurika, yujenoli isiyozidi miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Chukua mtoto wa miaka miwili mwenye uzito wa kilo 12. Kadirio lake ni 2.5 mara 12, yaani miligramu 30. Mililita moja ya mafuta hutoa matone 20 hivi, na uzito wake ni gramu 1.05, basi tone moja lina uzito wa miligramu 52. Ikiwa asilimia 80 yake ni yujenoli, tone hilo lina miligramu 42. Tone moja tu limekwisha kupita kadirio la siku nzima la mtoto huyo. Kadirio hilo limewekwa chini sana ili kuwe na usalama, na tone moja halitamuua. Lakini hesabu inaonyesha jinsi mpaka ulivyo karibu.

Mpaka huo umewahi kuvukwa. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza walieleza katika jarida la kitabibu habari za mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita kati ya 5 na 10 za mafuta ya karafuu. Alipoteza fahamu, akapata degedege, na ini lake likadhurika vibaya. Alinusurika kwa sababu alipata matibabu ya hospitali kubwa. Kiasi alichokunywa ni kijiko kimoja au viwili vya chai.

Kwa hiyo, mtoto akinywa mafuta ya kunukia, asitapishwe, kwa maana mafuta yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe ili daktari aione. Mafuta yakiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda wa robo saa au zaidi. Mafuta haya, pamoja na yale ya mkaratusi, yasipakwe usoni wala puani kwa watoto wachanga.

Kwenye ngozi pia pana hadhari. Watu wengine huwashwa na kutokwa na vipele kutokana na yujenoli, hata sheria za Ulaya zinawataka watengenezaji wa vipodozi waitaje kwenye kibandiko. Tone moja katika vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi ni nusu ya asilimia moja, na hicho ni kiasi cha kutosha. Lijaribiwe kwanza kwenye mkono, na mtu angoje siku moja. Mama mjamzito na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu isigande waulize kwanza kwa daktari.

Zawadi iliyo salama

Kutoa harufu nzuri kuwa zawadi ni desturi ya kale ya watu wa mwambao. Mgeni wa arusi hurashiwa marashi kwa mrashi, chetezo cha udi hupitishwa, na bibi arusi huandaliwa kwa manukato siku nyingi kabla. Chupa ya mafuta ya karafuu inafuata desturi hiyo hiyo. Lakini mrashi hutumiwa mbele ya wenyeji wanaoujua, ilhali chupa huenda nyumba ya mbali, ikawekwa mezani na mtu asiyejua kilichomo. Kwa sababu hiyo chupa yapasa kujieleza yenyewe.

Kwanza, iwe ya kioo chenye rangi ya kahawia au buluu, kwa maana mwanga, joto na hewa hubadili mafuta na kuyafanya meusi. Plastiki za aina nyingine hulainishwa na yujenoli, na chuma huyatia rangi. Pili, kizibo chake kiwe kigumu kwa mtoto kufungua, na mdomo utoe tone moja moja. Tatu, kibandiko kitaje jina la mmea, sehemu iliyotumika (tumba, makonyo au majani), na tarehe ya kukenekwa. Nne, pawe na maneno haya kwa herufi za kuonekana: Yasinywewe. Yasipakwe bila kuchanganywa. Yawekwe mbali na watoto. Mwenye kutaka zawadi isiyo na wasiwasi hata kidogo aweza kutoa sabuni ya karafuu, au mfuko mdogo wa kitambaa wenye karafuu nzima za kuweka kabatini. Harufu ni ile ile, na hatari imepungua sana.

Jaribio la darasani

Wauzaji wengine huchanganya mafuta ya karafuu na mafuta ya kupikia ili wapate faida. Wanafunzi wanaweza kuchunguza jambo hili kwa vyombo rahisi.

Densiti ya mafuta ya karafuu ni 1.05 hivi, hali ya maji ni 1.00 na ya mafuta ya kupikia ni 0.92. Mafuta ya karafuu ni miongoni mwa mafuta machache ya kunukia yanayozama. Tia maji katika bilauri, kisha dondosha tone taratibu karibu na uso wa maji. Tone likielea, kuna sababu ya kushuku. Lakini mwalimu awaulize wanafunzi: je, tone likizama, mafuta ni safi? La. Wakikokotoa wataona kwamba mchanganyiko hauelei mpaka mafuta ya kupikia yawe karibu asilimia 40. Mwenye kughushi kwa asilimia 20 atapita jaribio hili bila kugunduliwa.

Basi jaribio la pili lahitajika. Dondosha tone la mafuta yanayochunguzwa kwenye karatasi nyeupe, na kando yake tone la mafuta ya kupikia, kisha acha karatasi mahali penye hewa hadi kesho yake au zaidi. Mafuta ya kunukia huondoka polepole, na mafuta ya kupikia hubaki na doa linalopitisha nuru. Doa la aina hiyo likibaki penye tone la kwanza, mafuta yalichanganywa. Majaribio mawili yanayotazama sifa mbili tofauti yana nguvu kuliko jaribio moja lililorudiwa mara kumi.

Mafuta ya karafuu yana manufaa ya kweli kwa jino linalouma usiku, kwa nyumba inayosubiri wageni, na kwa mkulima ambaye makonyo yake yamegeuka kuwa bidhaa. Manufaa hayo yatadumu iwapo kila chupa itauzwa kwa jina lake halisi na kwa onyo lake halisi. Shule zilizo Pemba na Unguja zina karafuu mlangoni. Nyingine zaweza kununua kidogo sokoni. Mwanafunzi aliyekokotoa mwenyewe uzito wa tone moja ndiye atakayeinyanyua chupa kutoka mezani na kuiweka juu, asipoifikia mdogo wake.